Magunia ya Kahawa Kwenye Sakafu ya Deraya

Nilipaswa kumwambia yule afisa wa serikali hapana. Alinikuta shambani kwangu, karibu na Gakindu huko Mukurweini, nimevaa buti za mpira na mkononi nina makasi ya kupogolea kahawa. Aliniomba nisimame kwa niaba ya familia zote mbele ya kamati iliyokuwa inakuja Nyeri mjini. Nikakubali kabla hajamaliza chai yake.

Kamati hiyo ilikuwa inatumwa kutoka Nairobi kuja kusikiliza wazazi na wajane. Deraya moja iliyobeba askari wetu ilikuwa imekanyaga bomu lililofukiwa barabarani, huko ng'ambo ya mpaka ambako serikali ilipeleka vijana wetu kupigana, na wengi waliokuwa ndani walikuwa watoto wa pande zetu hizi za mlima. Watu walikuwa wanauliza maswali. Waliuliza makanisani, sokoni na kwenye redio. Serikali ikaona ni heri maswali hayo yaulizwe ukumbini, kwa saa zilizopangwa, na chai iwepo.

Mimi sikuwa nimefiwa. Mwanangu alikuwa kikosi kimoja na wale waliokufa, lakini siku ile hakupanda gari lile. Nikamuuliza afisa kwa nini hakumchagua mzazi aliyezika.

"Mwenye kuzika ataanza kulia pale mbele za watu," akasema. "Wewe ni mzee wa kanisa, umekuwa mwenyekiti wa kiwanda cha kahawa, umesoma. Wewe utaongea ukiwa na akili." Aliweka kikombe chini. "Halafu kijana yako bado yuko huko. Wewe unajua."

Sikumuuliza nilikuwa najua nini. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari lake, nikamfungia mke wake ndizi za kupika, na jirani zangu wakaniona nikishikwa mkono na mtu wa serikali. Nisifiche jambo hilo. Lilinipendeza.

Kweli nilikuwa najua, tena kuliko mzazi mwingine yeyote katika kata yetu.

Miezi kadhaa kabla ya hapo mwanangu alikuja likizo. Ndiye kitinda mimba wetu, dereva wa magari makubwa jeshini, kijana mcheshi aliyekuwa akiingia tu nyumbani anamtania mama yake kwamba githeri yake ya mahindi na maharagwe imejaa mawe ili watoto wasiombe kuongezwa. Asubuhi ya pili alinifuata kiwandani, mahali tunapopimia kahawa, akaniuliza kama kulikuwa na magunia ya katani yaliyochakaa.

Nikamwambia yako mengi stoo, na nikamuuliza ya nini.

"Ya kuweka mchanga."

"Mnajenga?"

Akacheka. "Tunajenga sakafu, Baba."

Aliketi juu ya mizani akanieleza. Deraya walizopewa zilikuwa zimetumiwa kwanza na jeshi la watu wengine, mbali huko, kisha zikapakwa rangi mpya zikaletwa kwetu. Ubavuni zilikuwa na chuma kizito ambacho risasi haikipenyi. Chini, pale miguu inapokaa, chuma kilikuwa chembamba, na pengine kilikuwa kimeungwaungwa kwa kuchomelewa. Zilitengenezwa kwa vita vya kupigwa risasi, na wao walikuwa kwenye vita vya mabomu ya kufukiwa. Wakubwa waliambiwa. Jibu lililorudi ni kwamba magari yamekaguliwa na yako sawa. Basi vijana wakaamua kujaza mchanga kwenye magunia, kuyalaza sakafuni, na kukalia juu yake magoti yakiwa karibu na kidevu. Magunia ya nailoni yalikuwa yanaoza kwa jua na kumwaga mchanga. Ya katani yangevumilia.

Nikamuuliza kama hayo yalikuwa yanasaidia.

"Inasaidia roho," akasema. "Ukikaa juu ya kitu, hauskii uko uchi."

Nilimpa magunia. Yalikuwa yameshaondolewa kwenye hesabu ya kiwanda kwa sababu ya matundu, kwa hiyo sikuiba. Kila moja lilikuwa na muhuri wetu wa rangi ya buluu, nembo ya chama cha wakulima na jina la kiwanda. Mama yake alikaa barazani na sindano ndefu akayashona matundu, akafunga mzigo kwa kamba, na mwanangu akarudi nao vitani kama mtu anayekwenda kuchuma kahawa.

Nataka mtu anayesoma haya afikirie kidogo jambo hilo. Nchi yenye bajeti, na makao makuu yenye maua langoni, ilimpeleka mtoto wangu vitani, na silaha yake ya kujikinga na bomu ikatoka stoo ya wakulima wa Mukurweini, ikashonwa na mama yake.

Na mimi sikusema neno. Wakati huo nilijiambia kwamba jeshi ni jeshi na lina siri zake. Lakini mimi ni mtu wa kahawa. Niliwahi kuwanunulia wakulima mashine ya kumenya kahawa iliyokwisha kutumika mahali pengine. Muuzaji aliipaka rangi ya kijani ikang'aa, nami nikaiamini rangi. Msimu ulipoanza ikawa inakata punje. Katika mkutano mkuu wa mwaka wakulima walinisimamisha tangu asubuhi mpaka jua likazama, nikiulizwa na wanawake waliobeba vikapu mgongoni. Mashine hii uliitoa wapi? Uliinama ukaangalia ndani? Nani alikwenda na wewe? Mbona hukuleta fundi? Mama mmoja akaniambia kwamba hata mume wake, aliyekuwa mlevi wa kutajika, asingenunua mbuzi bila kumfungua mdomo aone meno. Watu walicheka mpaka mimi mwenyewe nikacheka, na mwaka uliofuata wakaninyima kiti. Walikuwa na haki. Punje zao zilikatika.

Maswali hayo hayo, neno kwa neno, ndiyo niliyopaswa kuyapeleka Nyeri. Nilikuwa nimefundishwa kuyauliza kwa kuulizwa.

Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtoto wa jirani yangu wa ng'ambo ya kijito. Alikua pamoja na mwanangu, wakaenda pamoja kwenye usajili wa jeshi uwanjani Nyeri, wakarudi wote wawili wakiwa wamekubaliwa, na sisi tukachinja. Alikuwa ameoa msichana kutoka Wamagana, mwalimu wa shule ya chekechea, mtu mtaratibu asiyepaza sauti. Tulimzika mume wake kwa sanduku lililofungwa. Askari waliobeba sanduku walituambia lisifunguliwe, na wazee, mimi nikiwa mmoja wao, tukawaambia wanawake lisifunguliwe.

Baada ya mazishi jeshi lilileta vitu vyake. Mjane alikuta nguo zake zimefungwa ndani ya gunia la katani lenye muhuri wa buluu wa kiwanda chetu. Lilikuwa na mchanga kwenye mishono.

Alikuja kwangu na swali moja: gunia la Mukurweini limefikaje kule? Nikamweleza yote, kwa kuwa kumdanganya msichana yule uso kwa uso nilishindwa. Alinisikiliza mikono yake ikiwa mapajani. Kisha akasema kwamba kamati ikija atalipeleka gunia lile aliweke mezani mbele yao, aseme maneno machache, aketi.

"Baba, wewe ndiwe utasema kwanza," akaniambia. "Mimi unipe nafasi kabla hujafunga."

Nikamwambia nitampa.

Hapa ni lazima nieleze desturi yetu, kwa sababu mtu wa mbali anaweza kuuliza kwa nini mjane hakusimama tu akasema. Kwetu familia zikiwa na neno kwa wakubwa, zinateua mzee mmoja azisemee. Wengine wanaweza kuongeza pale anapowaita. Lakini mzee akishamaliza na kufunga kwa maombi, neno limefungwa. Anayesimama baada ya amina anahesabiwa kuwa amemvunjia mzee heshima, tena amepita juu ya Mungu. Hakuna mtu aliyeandika sheria hiyo, na hakuna mtu asiyeijua. Afisa yule aliyekunywa chai yangu alizaliwa mlimani kama mimi. Aliijua.

Alinipigia simu siku moja kabla ya kikao. Aliniuliza kama nimejiandaa, akaniambia mambo ya vifaa vya jeshi ni ya usalama, na mtu akiyataja hadharani adui anafaidika. Akaniuliza habari za mwanangu. Akasema anamjua kamanda wake, na kwamba kuna uwezekano wa kijana kuhamishiwa kazi ya karakana hapa Nanyuki, mambo yakienda vizuri.

Nanyuki ni karibu. Unapanda gari asubuhi na saa nne uko huko. Nililala nikimwona mwanangu akija nyumbani kila Jumapili.

Ukumbi wa Nyeri ulikuwa umepambwa. Viti vya mbele vilivishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe, kama harusini. Wanakamati waliketi kwenye jukwaa na chupa za maji, na sisi tukaketi chini. Kulikuwa na watu kutoka Tetu, Karatina, Nanyuki na Meru, na wengine ambao watoto wao hata hawakuwa wa kabila letu, polisi mmoja mstaafu kutoka magharibi aliyekuwa amejenga hapa, na mama mmoja Mkamba aliyekuja na picha ya kijana wake akiwa na sare. Wote walikuwa wamekubali niwasemee. Walinishika mkono mmoja mmoja. Mama yule Mkamba aliniambia, "Waulize, mzee. Waulize tu."

Nilipoitwa nilitazama mstari wa tatu. Mjane alikuwa ameketi wima, gunia limekunjwa magotini mwake, muhuri wa buluu ukiwa juu.

Niliuona muhuri ule nikaogopa. Nilifikiri wataliona, watauliza nani alilipeleka, na mwanangu atatajwa. Atashitakiwa kwa kutoa siri. Hatakuja Nanyuki. Haya yote yalinipitia kichwani nikitembea kutoka kwenye kiti mpaka kwenye kipaza sauti, na nilipofika pale nilikuwa nimekwisha kuamua.

Nilishukuru. Niliishukuru kamati kwa kufunga safari, nikashukuru serikali kwa kutusaidia katika mazishi, nikashukuru jeshi kwa kuwalea vijana wetu. Nikasema kwamba vita ni vita, na aliyevaa sare amevaa pamoja na yote yaliyomo. Kisha nikasema maneno haya, na nayajua kama yalivyo kwa sababu nimeyasikia mara nyingi tangu siku hiyo: "Sisi wazazi hatuna lalamiko. Vijana wetu walipewa kila kitu cha kuwalinda."

Sikutazama mstari wa tatu tena. Nikasema, "Tuombe." Ukumbi mzima ukasimama, wanaume wakavua kofia. Niliomba kwa muda mrefu, kwa Kikuyu kisha kwa Kiswahili, nikawaombea wanakamati safari njema. Watu wakasema amina.

Mjane hakuketi. Alibaki amesimama peke yake, gunia mkononi. Kiongozi wa kamati, aliyekuwa ameanza kukusanya karatasi zake, akamtazama.

"Mama, mzee ameshafunga na maombi," akasema, kwa upole kabisa.

Mjane akanigeukia mimi. Ukumbi wote ukanigeukia. Neno moja tu kutoka kwangu lingefungua tena. Kiongozi alikuwa ananingoja, mnaona, alikuwa tayari. Ningesema, huyu mtoto nilimsahau, na angepewa kipaza sauti.

"Baba," akasema, "hukuniita."

Nilitazama kofia yangu. Nikaikagua kama mtu anayetafuta jina lake ndani. Wanawake wawili wazee wakamshika mkono taratibu, wakamketisha.

Nje, watu wakinywa chai na mandazi, alinikuta kando ya ukuta. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

"Hii ni yako," akasema, akaniwekea gunia mikononi. "Hii moja ilibaki kwa sababu alifungia nguo. Zile zingine zilikuwa chini ya miguu yake."

Akaondoka kwenda kituoni. Baada ya muda mfupi alihama nyumba ya wakwe zake akarudi kwao Wamagana.

Afisa alinipigia simu kunipongeza. Alisema nimewaheshimisha watu wa mlimani. Nilipomuuliza habari za Nanyuki alisema inashughulikiwa.

Ripoti ya kamati ilitoka. Sikuisoma yote, ni nene, lakini kijana mmoja wa duka la simu Gakindu alinionyesha sehemu inayotuhusu sisi. Ilisema familia zilisikilizwa na zikaeleza kuridhika kwao na vifaa vilivyotumika. Kwa hiyo hakuna aliyeitwa kuulizwa nani aliyanunua yale magari. Hakuna aliyeulizwa kama aliinama akaangalia chini. Hakuna fundi aliyetakiwa kupima unene wa chuma. Mashine ya kumenya kahawa ilinipotezea kiti. Deraya iliyowaua watoto haikumpotezea mtu hata chakula chake cha mchana.

Na magari yaliyobaki, yale yale, yakaendelea kwenda barabarani.

Mwanangu alipiga simu. Kwa kawaida alikuwa anaanza na mama yake, siku hiyo aliniomba mimi. Mtu fulani alikuwa amenirekodi ukumbini, na kile kipande cha video kilikuwa kimefika hadi kambini kwao, ng'ambo huko, kabla ya barua yoyote ya serikali kufika.

"Baba, siku hizi niko na jina mpya," akasema. "Naitwa Asante."

Sikuelewa.

"Nikiingia kwa gari wanasema, Asante, wewe kaa mbele kabisa, wewe hauna lalamiko. Wakigawa chakula, wanasema ati msimpe Asante, yeye alishapewa kila kitu." Alikuwa anacheka, lakini namjua mwanangu, najua cheko lake na najua lisilo lake. "Walikupa chai ya nini, Baba? Ilikuwa na maziwa?"

Nikamwambia nilifanya hivyo kwa ajili yake. Nikamwambia habari za karakana ya Nanyuki.

Aliacha kucheka.

"Wewe ulitoa hayo magunia, Mama akashona," akasema. "Ungewaambia tu hiyo. Ati Mama alikuwa anashona."

Nikampa mama yake simu.

Habari za bomu la pili zilitufikia mchana, mimi nikiwa nimekaa na mke wangu tukichambua kahawa mbovu kutoka kwenye nzuri. Aliyepiga simu alisema kijana yuko hai, yuko hospitali Nairobi, twende. Mke wangu aliondoka na aproni yake. Tukiwa tumepita Thika alisema tu kwamba aliyashona matundu vizuri, alihakikisha, alishona mara mbili mbili.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alitueleza kwamba miguu yote miwili ilikatwa chini ya magoti, na kwamba kazi iliyomchukua muda zaidi ilikuwa kusafisha. Alisema alitoa mchanga mwingi kwenye nyama, na nyuzi ngumu za rangi ya kahawia ambazo hakuzitambua. Akatuuliza kama tunajua ni nini.

"Katani," mke wangu akasema.

Askari mwenzake mwanangu aliyekuwa kitanda cha pili alituambia kwamba bila yale magunia tungekuwa tumekuja kuchukua maiti. Huenda ni kweli. Mchanga ulimwachia uhai. Chuma ndicho kilichokuwa kazi ya serikali, na chuma kilipasuka kama kopo. Mimi niliyejua, niliyepewa kipaza sauti na ukumbi uliojaa watu wa kunisikiliza, nilisema chuma kiko sawa.

Karakana ya Nanyuki sikuisikia tena. Simu ya afisa ilikuwa inaita bila kupokelewa, kisha namba ikawa haipatikani.

Yule mjane ndiye aliyefanya kazi niliyopaswa kufanya mimi. Kutoka Wamagana alianza kuwatafuta wanawake mmoja mmoja, wa Karatina, wa Nanyuki, yule mama Mkamba, wakaketi katika nyumba za watu na kulala kwenye makochi ya wageni, wakaandika barua kwa serikali, wakakataliwa, wakaandika tena. Walipokataliwa mara ya kwanza, jibu lilikuwa kwamba suala lilishasikilizwa. Hawakukata tamaa mpaka kamati ikarudi Nyeri, ukumbi ule ule, safari hii bila vitambaa kwenye viti.

Nilikwenda bila kualikwa. Nilikaa nyuma. Niliona mwanangu akiingizwa kwa kiti cha magurudumu, na aliyekisukuma alikuwa mjane. Walikuja pamoja. Mwanangu akaniona, akaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtu mliyewahi kukutana sokoni.

Mjane alizungumza. Mwanangu alizungumza. Alieleza sakafu, mchanga, magunia, mkao wao wa magoti kidevuni, na hakumlaumu mtu wa nyumbani hata kwa neno moja. Kisha akaitwa mkubwa wa upande wa serikali ajibu. Alikuwa na suti nzuri na sauti ya mtu asiye na haraka. Akafungua ile ripoti nene.

"Jambo hili liliulizwa wakati ule," akasema. "Wazazi wenyewe wa hapa Nyeri walijibu." Akasoma: "Sisi wazazi hatuna lalamiko. Vijana wetu walipewa kila kitu cha kuwalinda."

Akafunga ripoti akanywa maji.

Damu ilinipanda. Alikuwa ameyachukua maneno yangu akayaweka chini ya miguu yake kama wale vijana walivyoweka magunia, na yeye yalimkinga. Nilisimama bila kuinua mkono. Nikasema kwa sauti iliyofika jukwaani, "Ni mimi niliyesema hivyo, na nilisema uongo. Magunia yalitoka kwangu. Nilijua sakafu ni mbovu, nikashukuru. Futeni maneno yangu."

Kiongozi wa kamati alikuwa mwingine, si yule wa kwanza. Alinong'onezwa na karani, kisha akanijibu kwa adabu. "Mzee, ripoti ile ilishapitishwa. Hatuwezi kufuta. Tunaweza kuandika kwamba ulikuja."

Nikamuuliza maneno ya uongo yana nguvu gani kiasi kwamba hayawezi kufutwa na aliyeyasema. Nikamuuliza yule wa suti kama aliwahi kuinama akaangalia chini ya gari hata moja. Nikauliza nani alikwenda kuyanunua, na kwa nini hakwenda na fundi. Yote niliyoulizwa mimi na wakulima niliyatoa pale, moja baada ya jingine. Watu walipiga makofi. Yule wa suti aliandika kitu kwenye simu yake. Kiongozi akasema muda wangu umekwisha, maoni yangu yamepokelewa, na kikao kikaendelea na mtu mwingine.

Nilipogeuka kutazama mlangoni kile kiti cha magurudumu hakikuwapo. Mwanangu alikuwa ametoka nilipoanza kusema, mke wangu aliniambia baadaye. Alimwambia mama yake kwamba ameshasikia sauti yangu ukumbini humo mara moja na ilimtosha.

Hadi leo hakuna aliyejibu. Deraya mpya zilinunuliwa, nasikia, na wakubwa walewale. Mimi huwaandikia. Kila msimu ninapomaliza kuchuma ninaandika, na mara nyingine karani wa mahali fulani hunijibu kwamba barua yangu imefika.

Mwanangu anakaa Nanyuki. Ni karibu, unapanda gari asubuhi na saa nne uko huko. Ananunua mbuzi kutoka Doldol, vijana wanamletea, anauza kwa wenye hoteli, na nasikia hakuna anayeweza kumdanganya kuhusu meno ya mbuzi. Bado wako wanaomwita Asante. Mama yake huenda kumwona na kulala huko. Mimi nilikwenda mara kadhaa. Alinipa kiti, akanipa chai, akaniuliza habari za kahawa, akanishukuru kwa kufika, na hakuniita Baba. Sasa siendi.

Nilikubali ombi la yule afisa ili mwanangu arudi nyumbani akiwa mzima. Ilinigharimu miguu yake miwili, ambayo haikuwa yangu kuitoa, na ilinigharimu yeye mwenyewe.